Ukurasa wa Saba Wagoma Kuwa Picha

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, habari yangu ni fupi. Kiwanda cha uchapaji kilinifukuza baada ya kalenda elfu mbili kutoka zikiwa na Juni mbili na bila Julai. Mwenye nyumba naye akanitoa. Dada yangu akanipokea, akanipa kitanda cha chini katika chumba cha mpwa wangu, binti wa miaka tisa ambaye hunisahihisha ninavyokunja shuka. Mwisho nikapata kazi ya ukarani katika ofisi ya ukaguzi wa shule, miezi mitatu ya majaribio.

Niliwaacha nikiingia ofisini siku ya kwanza, nimevaa shati la shemeji. Leo nawasimulia yaliyonikuta wiki ya tatu.

Ofisi yetu ina vyumba viwili, feni moja, na mkuu mmoja tunayemwita Bi Rula. Jina hilo halikutokana na ukali. Bi Rula hupima pambizo za barua kwa rula kabla ya kutia saini, na pambizo ikipotoka kwa milimita mbili, barua inarudi. Hapigi kelele. Anakurudishia karatasi ikiwa na alama ndogo ya penseli pale ulipokosea, nawe unabaki kuiangalia alama hiyo siku nzima.

Ana sheria moja isiyovunjwa. Hakuna kinachotoka ofisini kwake kikiwa waraka. Kila kitu kinatoka kikiwa picha. Waraka, kwa maelezo yake, ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukifungua akakichezea. Picha imekwisha. Ukiifunika mahali, pamefunikwa.

Niliiona sheria hiyo kuwa ni mazoea ya mtu mzima anayeogopa kompyuta. Mimi nina stashahada.

Ijumaa ile, saa mbili asubuhi, aliniwekea flashi mezani. Ndani yake kulikuwa na ripoti ya kurasa kumi na mbili kuhusu shule moja ya sekondari. Maabara ya shule hiyo haikuwa ikitumika kwa sayansi. Mkuu wa shule alikuwa ameijaza viti vya plastiki, mali yake binafsi, ambavyo hukodishwa kwenye sherehe siku za mapumziko. Wanafunzi walikuwa wakijifunza kemia kwa kuchorewa chupa ubaoni.

Ukurasa wa saba ulikuwa na barua ya aliyelalamika, na chini ya barua hiyo, jina lake. Bi Rula alikuwa ameshalifunika jina hilo mwenyewe kwa kiraka cheusi, humo humo kwenye kompyuta, kabla ya kunikabidhi. Akanieleza mambo mawili. La kwanza, ripoti ilipaswa kumfikia mkuu wa shule kabla ya saa sita mchana. Siku thelathini za kisheria zilikuwa zinaishia hapo, na zikipita, ukaguzi wote unaanza upya. La pili alilisema polepole.

"Mwalimu aliyeandika bado anafundisha pale. Jina likionekana, Jumatatu hana kazi. Tumeelewana?"

Nilimwambia tumeelewana.

Hapa ndipo ungamo langu linapoanzia. Shule ile naijua. Dada yangu ni mmoja wa walimu watatu wa sayansi pale. Nilipaswa kumwambia Bi Rula papo hapo, naye angempa kazi hiyo karani mwingine. Lakini karani mwingine alikuwa likizo, na mimi nilikuwa na wiki tatu tu kazini, nikataka nionekane mtu wa kutegemewa. Nikanyamaza.

Dada sikumfikiria hata kidogo. Dada ni mtu wa utaratibu. Habari za viti huzimaliza nyumbani, mezani, wakati wa kula. Nilijiridhisha kwamba mlalamikaji ni yule mwalimu wa fizikia ambaye, kwa masimulizi ya dada, hugombana hata na kengele.

Saa mbili na nusu nikaanza kazi. Nikaiagiza programu igeuze waraka kuwa picha. Ikazunguka, ikafikiri, ikanipa picha moja. Ukurasa wa kwanza. Kumi na moja zilizobaki hazikutajwa popote.

Hilo halikunitisha. Programu nyingi za aina hiyo, usipoziambia unataka kurasa zote, hudhani umependa jalada tu. Nikaiambia. Ikanipa kumi na mbili.

Nikafungua ya pili. Kila penye herufi palikuwa na kisanduku kitupu, mstari baada ya mstari, kama fomu ya mtu asiye na la kusema. Sababu yake ni hii: Bi Rula aliiandika ripoti nyumbani kwake, kwa aina ya herufi aliyoichagua mwenyewe, na kompyuta ya ofisi haina herufi hizo. Waraka haubebi herufi zake mpaka uambiwe uzibebe. Nikaenda kumwomba auhifadhi upya kwenye kompyuta yake ya mkononi, herufi zikiwa ndani. Alifanya, ila alinitazama kama niliyemwomba aniazime miwani yake.

Saa tatu na nusu herufi zilikuwa zimerudi, lakini ukizisogelea zinageuka ukungu. Programu ilikuwa ikichora nukta sabini na mbili kwa kila inchi, ambazo zinatosha kwa tangazo la paka aliyepotea. Nikapandisha hadi mia tatu. Maandishi yakawa makali kama wembe, na kila picha ikawa nzito kiasi kwamba barua pepe ikazikataa zote kumi na mbili. Nikashusha hadi mia moja na hamsini, nikaondoa rangi, nikabakiza kijivu. Zikapita.

Bi Rula alipita nyuma yangu, akaweka rula kwenye skrini. Pambizo ya chini ilikuwa imeliwa milimita nne. Programu ilikuwa imepangwa kwa karatasi ya vipimo vya kigeni, fupi na pana kuliko yetu. Nikarekebisha. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini, na kwa mara ya kwanza tangu kalenda zile nilijiona mtu anayejua kazi yake.

Kisha nikafungua picha ya saba.

Ilikuwa nyeusi. Sisemi kile kiraka. Nasema ukurasa mzima, kutoka pembe hadi pembe.

Bi Rula aliitazama. "Umeficha jina," alisema. "Umeficha na malalamiko."

Nilijua kilichotokea, na nakiandika hapa kwa faida ya yeyote atakayekutwa nacho. Ukurasa wa saba haukuzaliwa pamoja na wenzake. Ulitolewa kwenye faili jingine ukapachikwa, na ulipokuja haukuwa na weupe wake. Ulikuwa maandishi meusi yaliyosimama juu ya hewa, na skrini ndiyo iliyokuwa ikiyaazima weupe. Aina ya picha tuliyokuwa tukitumia haijui hewa ni nini. Ikikuta mahali hapana kitu, inapaka nyeusi. Ukiweka maandishi meusi juu ya nyeusi, una usiku.

Kujua ugonjwa hakukunipa dawa. Nilibadilisha aina ya picha, nikatumia ile inayojua hewa. Mfumo wetu wa barua ukaikataa, hauitambui. Nikachukua ukurasa mweupe nikauweka chini ya ule wa saba. Ukapanda juu, ukafunika kila kitu, nikawa na picha nyeupe pe. Nikaamua kuipiga picha skrini yenyewe. Ikatoka nusu ukurasa, na pembeni yake saa ya kompyuta, ikisomeka vizuri kuliko kitu kingine chochote: saa tano na nusu.

Wakati huo Bi Rula aliitwa kwenye kikao cha wakuu. Aliondoka akisema anategemea kurudi na kukuta ripoti imekwenda.

Saa tano na dakika hamsini na mbili nilituma barua pepe yenye viambatisho kumi na viwili. Kumi na kimoja vilikuwa picha. Cha saba kilikuwa waraka.

Sikutuma kwa upofu. Nilikifungua kwanza nikakikagua. Kiraka cheusi kilikuwa mahali pake, kimekaa sawa, jina halionekani hata ukaribie. Nikajiambia kwamba kwa jicho la msomaji, picha na waraka ni kitu kimoja. Kisha nikaenda kunywa chai, na chai ile, nikiri, ilikuwa tamu.

Fundi wa kompyuta wa jengo letu tunamwita Waya, kwa wembamba wake. Alikuja saa saba kasoro robo kusafisha kibodi. Nikamsimulia asubuhi yangu kama mtu anavyosimulia mechi aliyofunga bao. Alicheka nilipofika kwenye visanduku. Akacheka kwenye karatasi ya vipimo vya kigeni. Kwenye ukurasa wa saba akaacha kucheka.

"Umetuma waraka?"

"Kiraka kipo juu yake."

"Kipo juu yake, ndiyo," alisema. "Hiyo ndiyo shida yenyewe, kaka. Kipo juu."

Akavuta kiti, akaufungua ukurasa wa saba, akakibofya kile kiraka, akakiburuta pembeni kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza sahani apate pa kuweka kiwiko. Chini yake palikuwa na jina, limetulia, kila herufi mahali pake.

Nililisoma mara mbili. Lilikuwa jina la dada yangu.

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Kilikuwa hesabu. Barua ilikuwa imekaa kule dakika hamsini na tatu. Mkuu wa shule, kama kila mkuu, ana kipanya na kidole. Na dada yangu, aliyenipa kitanda, sahani na shati la mumewe, alikuwa dakika hiyo hiyo darasani, anachora chupa ubaoni.

Nikamuuliza Waya kama barua inaweza kurudishwa. Alisema kitufe hicho kipo, ila kwenye mfumo wetu kazi yake ni kumpelekea mpokeaji taarifa kwamba unataka barua yako irudi, na hapo ndipo mpokeaji huifungua mbio. Nikamuuliza, basi ukurasa wa saba ulitakiwa kufanywaje.

"Unauchapa kwenye karatasi, unaupiga skana. Dakika mbili." Akanielekeza kwa kidevu. "Printa iko mgongoni kwako."

Zilikuwa dakika mbili kamili, nilizipima. Picha ikatoka safi, kiraka kimeshikana na karatasi, hakuna wa kukisogeza. Kutoka ofisini hadi shuleni ni mwendo wa dakika ishirini. Nilitumia kumi na moja.

Katibu wa mkuu wa shule alikuwa mama mwenye miwani ya kuning'iniza na sauti ya mtu aliyezoea kusoma majina ya waliofeli. Nilimweleza kwamba natoka ukaguzi, kwamba ukurasa wa saba ulitumwa ukiwa na hitilafu ya kiufundi, na kwamba nimekuja kuurekebisha. Kila neno lilikuwa la kweli. Siku ile nilijifunza kuwa uongo imara hujengwa kwa matofali ya aina hiyo.

Alifurahi kuniona. Ukurasa huo ulikuwa umemsumbua tangu mchana: kurasa nyingine zilichapika, huo printa ilitema kichwa cha habari tu ikagoma. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali jibu, kama mkuu wake ameshaisoma ripoti. Akasema mkuu yuko kwenye chumba cha mtihani tangu saa tano, na kwa vyovyote vile hagusi kitu kabla hakijachapwa na kubanwa pini. Ni mtu wa karatasi, alisema.

Nikamwomba anipishe kwenye kiti chake. Akanipisha.

Nilikaa kwenye kompyuta yake. Nikafuta barua ile ya saa tano na dakika hamsini na mbili, nikaifuatilia hadi kwenye pipa la takataka nikaifuta na humo. Nikaweka picha mpya. Nikachapa, nikapanga kumi na mbili, nikabana pini. Katibu akaona nina mkono mwepesi, akaniomba nimtazamie na kumbukumbu zake za kikao, ambazo kila akizigeuza picha zinatoka visanduku vitupu. Nikamponyeshea hilo kwa dakika moja. Aliniita daktari, nami sikumkatalia.

Mkuu wa shule aliingia tukiwa hapo. Ni mama mpana, mpole, mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. Alinipa mkono, akaniuliza habari za Bi Rula, akapokea ripoti kwa mikono miwili. Akafunua kurasa bila haraka. Kwenye ya saba alisimama. Akapitisha kidole gumba juu ya kile kiraka, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayekagua rangi ya ukuta kama imekauka.

"Kazi safi," alisema. Akanishukuru kwa kujisumbua kuja kwa miguu.

Nikitoka nilipita dirisha la maabara. Viti vilikuwa vimepangwa hadi darini, vyeupe na vya bluu. Katikati yao ile mifupa ya mfano ya kufundishia ilikuwa imeketishwa kwenye kimojawapo, mguu juu ya mguu, inasubiri sherehe ianze. Nilicheka peke yangu mpaka getini.

Ningeweza kuishia hapo. Jina lilikuwa limefunikwa tena, aliyetakiwa asilione hakuliona, na Bi Rula aliporudi alikuta kila kitu kimekwenda. Lakini nikitembea kurudi nyumbani nilifikiri hivi: jina la mtu lilikaa wazi kwa saa moja na nusu, na mwenye jina hajui. Ana haki ya kujua. Si suala la dhamiri. Ni suala la taarifa.

Nilifika saa kumi na mbili jioni. Dada alikuwa mezani anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Shemeji alikuwa upande wa pili, amefungua pasi anatengeneza waya wake. Shemeji ni dereva wa gari la wagonjwa, na akiwa nyumbani hapendi kelele ya aina yoyote. Mpwa wangu alikuwa kwa jirani.

Niliwasimulia yote, kuanzia visanduku. Sikuruka hata ile chai. Dada hakunikatiza. Nilipomaliza alifunga daftari alilokuwa nalo, akaniomba aione hiyo barua. Nikamfungulia kwenye kompyuta yake, kutoka kwenye flashi, nikamsogezea kiraka pembeni. Alisoma kama anavyosoma majibu ya mtihani, midomo imebana. Akarudia aya ya pili.

"Yaliyoandikwa hapa ni kweli," alisema. "Isipokuwa viti si mia tatu. Ni mia tatu arobaini, nilivihesabu. Na barua hii sikuandika mimi."

Nilimkumbusha kwamba jina ni lake.

"Jina ni langu. Barua si yangu. Mdogo wangu, lini umenisikia nikisema 'kwa masikitiko makubwa na moyo uliojaa majonzi'?"

Sijawahi kumsikia. Siku mama yetu alipovunjika mguu, dada alinipigia simu akanitajia jina la mfupa.

Bisibisi ya shemeji ilikuwa imesimama. Nadhani ilikuwa imesimama muda mrefu, ila hatukuisikia kwa sababu ni kitu kisicho na sauti. Dada alimgeukia polepole.

"Ni mimi," shemeji alisema, akiiambia pasi. "Mwaka mzima, mke wangu. Tukila, viti. Nikitoka kazini nimechoka, viti. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, viti. Nikaona niwapelekee wanaohusika."

Dada akamuuliza kwa nini hakuandika kwa jina lake mwenyewe. Shemeji alijibu kwamba hakuna ofisi itakayomsikiliza dereva akizungumzia kemia. Na wala hakuona hatari yoyote, kwa sababu mlangoni pa ofisi ya ukaguzi kuna tangazo, amelisoma kwa macho yake, linasema jina la mlalamikaji litafichwa.

Wote wawili wakanitazama.

Hapo simu ya dada ikaita. Akaitazama, akatuonyesha jina kwenye kioo. Mkuu wa shule. Akaweka spika, akailaza juu ya madaftari. Dada akiwa na mazungumzo mazito hupenda yawe na mashahidi.

Sauti ilikuwa ile ile pole ya mchana. Ilimsalimu, ikamuuliza hali ya mtoto, ikamuuliza kama amepumzika. Kisha ikaeleza, bila haraka, kwamba barua pepe ya shule huingia pia kwenye simu yake ya mkononi. Katibu hajui hilo. Aliunganishiwa mwezi uliopita na binti yake. Ripoti ya ukaguzi ilimfikia akiwa kwenye chumba cha mtihani, na kwa kuwa wanafunzi walikuwa watulivu, aliisoma yote.

"Halafu akaja kijana wa ukaguzi, anahema, akabadilisha ukurasa wa saba. Alioniletea una kitu cheusi pale chini. Wa kwenye simu yangu haukuwa na kitu cheusi chochote."

Nikaelewa, kwa usahihi ambao ningependa kuukosa. Zipo simu ambazo hazionyeshi kilichobandikwa juu ya waraka. Zinaonyesha waraka tu. Wakati mimi nakimbia kwa dakika kumi na moja, hakukuwa na kiraka cha kusogeza. Kwa macho ya mkuu wa shule hakikuwahi kuwepo. Na alipopitisha kidole gumba juu yake akaniambia kazi safi, alikuwa ameshajua kilicho chini.

"Sitaki kumsikia mtu mwingine," simu iliendelea. "Nakuuliza wewe, mwalimu. Barua hii uliiandika wewe?"

Niliyaona majibu yote mawili kama njia mbili kwenye ramani. Akisema ndiyo, Jumatatu hana kazi, na ameipoteza kwa barua ambayo asingeiandika kwa lugha ile hata kwa kulazimishwa. Akisema hapana, swali la pili ni nani aliyeandika, na la tatu ni yeye ameionaje hata ajue si yake. La pili lingemwangukia shemeji. La tatu lingeniangukia mimi.

Na dada yangu hasemi uongo. Aliwahi kumnyima binti yake alama moja katika zoezi la sayansi alilompa nyumbani kwa kusahau kuandika kipimo, kisha akamsainia kitabu cha maendeleo kwa mkono huo huo.

Alifunika kalamu yake nyekundu. Akainamia simu.

"Mkuu, yaliyomo kwenye barua nayathibitisha yote, isipokuwa idadi ya viti. Kuhusu aliyeiandika, na kuhusu aliyeibadilisha, wote wawili wamekaa hapa mbele yangu. Nakupa wajieleze wenyewe."

Akaisukuma simu. Iliteleza juu ya madaftari, ikapita vipande vya pasi, ikasimama kati yangu na shemeji, karibu kidogo na upande wangu.

"Nawasikiliza," simu ilisema.